Barua Ambayo Kaizari Hakuisoma

Katika kijiji chetu, njia ya kutoka Singida mjini kwenda Ikungi, mtoto aliyejua kusoma vizuri hakuwa na Jumapili. Watu walikuja na barua. Vijana wengi wa huko walikuwa wamekwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge mkoani Tanga, wengine wakakaa huko miaka na miaka, na habari zao zilitufikia kwa karatasi za daftari zilizokunjwa mara nne. Msomaji wa upande wetu nilikuwa mimi, binti wa darasa la sita. Mwenye barua aliketi mbele yangu, mtu mzima ambaye dakika chache kabla nilikuwa nimempigia goti la shikamoo, na kwa muda ule wa kusoma nilikuwa na madaraka kumzidi balozi wa nyumba kumi. Ningemwambia mwanawe ameoa, angepiga vigelegele. Ningemwambia amefungwa, angelia.

Adabu ya kazi hiyo alinifundisha babu. "Soma hata salamu," alikuwa akiniambia. "Leo ukiruka salamu, kesho utaruka deni." Alikuwa na sababu yake. Karani mmoja wa zamani, ambaye simtaji na hata ofisi yake siitaji, aliwahi kumsomea hati ya mauziano ya ng'ombe, na ng'ombe waliotoka mdomoni mwa karani hawakulingana na waliokuwa kwenye karatasi. Babu alikuja kulijua hilo baadaye sana, karani akiwa ameshahamishwa.

Si kwamba hakujaribu kusoma mwenyewe. Serikali ilitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Operesheni Vijiji ilipotutoa kwenye matembe yetu yaliyotawanyika ikatupanga mistari kando ya barabara, darasa la ngumbaru lilifunguliwa chini ya mti karibu na shule. Babu alihudhuria, akajifunza kuandika jina lake, kisha macho yakamgomea. Miwani wakati huo ilikuwa kitu cha Dodoma au Tabora. Basi akaniajiri mimi, kwa mshahara wa karanga.

Kisomo kile kilituletea pia maktaba ya kijiji, yaani kabati moja lenye kufuli. Humo, katikati ya vitabu vya kilimo cha mtama na ufugaji wa kuku, nilikuta Juliasi Kaizari. Nilikichukua kwa sababu ya jina la mfasiri: nilitaka kujua Mwalimu Nyerere anaandika nini anapokuwa hatoi hotuba. Shakespeare sikumjua. Tafsiri hiyo ilitolewa kwanza na Oxford mwaka 1963, mwaka mmoja tu wa Jamhuri, kisha ikarekebishwa na kutolewa upya 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Wapo wanaotafuta ndani yake ujumbe wa siri wa Rais kwa mawaziri wake. Mimi naona alikipenda kitabu, na alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinakibeba bila kutoka jasho. Inatosha kuwa sababu.

Kisa chenyewe kimesafiri sana kabla ya kufika kwetu. Plutarch alikiandika kwa Kigiriki, Jacques Amyot akakitia kwenye Kifaransa, Thomas North akakitoa kwenye Kifaransa kukitia kwenye Kiingereza mwaka 1579, Shakespeare akakipandisha jukwaani London mwaka 1599, Nyerere akakileta kwenye Kiswahili, na jioni, koroboi ikiwa imewashwa, mimi nikakimalizia kwa Kinyaturu kila bibi alipokunja uso kuashiria kwamba haelewi. Tulikisoma kama tulivyosoma barua, tangu salamu. Hapakuwa na mtihani mbele yetu wala maswali mwishoni mwa sura. Kila msikilizaji alikuwa huru kukasirika alipotaka.

Mwanzoni walicheka. Mpiga ramli anamtokea Kaizari njiani na kumwonya ajihadhari na siku ya katikati ya Machi. Kwetu siku hizo uwele unatoa masuke na watoto wanashinda mashambani na makopo wakifukuza kweleakwelea, kwa hiyo tarehe ile waliiona vizuri. Babu alisema mpiga ramli anayekutajia tarehe bila kudai kuku ni wa kusikilizwa, maana hana anachokutafutia. Kaizari alimwita mwotaji, akapita.

Kisha tukafika pale ambapo Kaizari, akizungumza na rafiki yake Antony kuhusu Cassius, ambaye ndiye atakayeanzisha njama ya kumuua, anamwambia ahamie upande wake wa kulia kwa sababu sikio la kushoto halisikii. Nilikuwa nimeshapita sentensi hiyo. Babu akanirudisha. Akaniuliza: mkubwa mwenye sikio moja, ni nani anayekaa upande wa sikio zima? Nikamwambia ni Antony. "Leo," akasema. "Kesho?" Sikuwa na jibu, na wala sikujua kwamba ameuliza swali ambalo kitabu kizima kinalijibu.

Usiku wa dhoruba, Casca anasimulia kwamba amekutana na simba karibu na Capitol. Simba akamkodolea macho, akajiendea zake bila kumdhuru. Baadaye Calpurnia, mke wa Kaizari, naye ana habari ya simba jike aliyezaa barabarani. Nilisoma haraka haraka kwa sababu nilitaka kufika kwenye visu. Niliponyanyua macho, chumba kilikuwa kimya, na jirani yetu aliyekuja kuomba moto alikuwa amekaa chini kabisa.

Asiyetoka Singida huenda asijue. Kati ya 1946 na 1948, Unyaturuni, watu wengi waliuawa, miili yao ikakutwa na majeraha ya kucha. Ilisemwa kwamba wauaji si wanyama bali ni watu waliofugwa, wakavishwa ngozi ya simba na kutumwa na wenye visa vyao. Serikali ya kikoloni ilileta polisi, ikakamata, ikashitaki, ikanyonga. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyekaa na Wanyaturu miaka ya 1959 na 1960, aliandika makala ya kulichunguza upya jambo hilo. Babu alikuwa kijana wakati wa mauaji hayo. Alikuwa hapendi kuyazungumza, na watoto tulijua kutouliza.

Usiku ule alizungumza kidogo. Alisema simba anayepita karibu na mtu bila kumgusa ana mwenyewe. Halafu akasema kwamba siku zile hofu ya simba ilikuwa moja na hofu ya kutajwa ilikuwa nyingine, na ya pili ndiyo iliyowaondolea watu usingizi. Mwenye ugomvi na wewe wa mpaka wa shamba angeweza kwenda kukutaja. Maneno yako yangetoka kwa Kinyaturu, yakapita kwa mkalimani kwenda kwenye Kiswahili, yakapita kwa mwingine kwenda kwenye Kiingereza, na hukumu ingerudi kwa njia hiyohiyo. "Hakimu alikuwa mtu wa mwisho kusikia," alisema.

Nilipokuja kusoma sekondari, mwalimu alitufundisha kwamba dhamira kuu ya tamthilia hiyo ni tamaa ya madaraka. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata maksi zangu. Lakini kilichokuwa kimesomwa kwenye chumba chetu kilikuwa kitu kingine, na mpaka leo nashikilia kile cha chumbani. Tamthilia ile inahusu watu wanaosomewa mambo na wengine: nani anamsomea nani, na msomaji anataka nini.

Tazama ndoto ya Calpurnia. Ameota sanamu ya mumewe inatoa damu na Warumi wananawa mikono humo wakitabasamu. Anamsihi mumewe asitoke, na Kaizari anakubali, anaamua kukaa nyumbani. Hapo anaingia Decius, mmoja wa wala njama. Anaifasiri ndoto ileile upya: damu hiyo ni uhai ambao Roma itaupata kutoka kwake. Kisha anaongeza kwamba Seneti imekusudia kumpa taji leo, na kwamba watu watacheka wakisikia Kaizari amezuiwa na ndoto za mkewe. Kaizari anaomba joho lake. Bibi, ambaye kwa kawaida alisikiliza huku akichambua mlenda na kuonekana kama hayupo, aliweka ungo chini. Akataka kujua ni mwanamume gani aliyemwambia Decius kwamba yeye ndiye mwenye kufasiri ndoto ya mwanamke aliyeota mwenyewe. Babu akajibu kwamba Decius alikuwa amehamia upande wa sikio zima.

Halafu ziko barua, na hapo ndipo sisi watu wa barua tulipokaa sawasawa.

Ya kwanza ni zile karatasi ambazo Cassius anaziandika kwa miandiko mbalimbali na kuzifanya zirushwe dirishani kwa Brutus, zionekane zimetoka kwa wananchi tofauti wanaomlilia aiokoe Roma. Hazisemi jambo kamili. Zina vipande vya maneno, na Brutus anajijazia mwenyewe mapengo. Tena anafanya hivyo usiku, peke yake, baada ya kujikubalisha kwamba Kaizari auawe kwa sababu ya kile anachoweza kuja kuwa, kama yai la nyoka livunjwavyo kabla halijaanguliwa. Babu alimwonea huruma Brutus kuliko wote. Alisema ni mtu mwema aliyemhukumu mwenzake kwa kosa la kesho, kwa ushahidi wa barua isiyo na sahihi. Wema wake ndio uliomfanya asishuku: mtu mwongo angezigeuza zile karatasi kutazama mwandiko.

Ya pili ni barua ya kweli. Artemidorus ameandika majina ya wala njama wote, mmoja mmoja, akasimama njiani kumkabidhi Kaizari. Anamsihi aisome kwanza yake kwa sababu inamhusu Kaizari mwenyewe. Na kwa sababu hiyohiyo Kaizari anakataa. Jambo linalomhusu yeye binafsi, anasema, litakuja mwisho. Tukiwa wadogo tungedhani hiyo ni sifa: kiongozi anayetanguliza shida za umma kabla ya zake. Babu aligonga fimbo chini. Mtu aliyehangaika na ngumbaru hadi macho yakatoa machozi asome jina lake tu, anaambiwa kwamba mtu mwenye macho mazima na elimu yote ya Roma amepewa karatasi yenye uhai wake akasema baadaye! "Alikuwa anajionyesha mbele ya watu," alisema. Sidhani kama nimewahi kukuta uchambuzi mfupi kuliko huo. Kaizari alikufa kwa sababu ya adabu ya hadharani. Hatua chache mbele visu vikamwingia, na barua bado imekunjwa.

Kuna tofauti na historia, niiseme hapa kwa haraka kwa wanaopenda usahihi: Kaizari halisi aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Kristo katika ukumbi uliokuwa kwenye majengo ya Pompey, si Capitol. Shakespeare alihamisha mauaji. Haidhuru.

Ya tatu ni wosia, lakini kabla ya wosia lazima nieleze kicheko. Brutus anawahutubia wananchi, anaeleza vizuri kwa nini wamemuua Kaizari, wanakubali. Kisha anampa Antony nafasi ya kusema juu ya maiti, naye Brutus anaondoka. Anaondoka! Baba zangu wadogo walicheka hadi wakashika mbavu. Mtu aliyekulia kwenye mabaraza ya wazee anajua kwamba hutoki kabla ya upande wa pili kusema, maana utakayoyaacha nyuma yako ndiyo yatakayokutangulia nyumbani. Ikiwa kuna jambo moja lililomwangusha Brutus, watu wa kwetu walilitaja hapo.

Antony anaushika wosia, anauonyesha, anasema hatausoma. Kadri anavyokataa ndivyo umati unavyoudai. Mwisho anausoma: kila raia drakma 75, na bustani za Kaizari upande huu wa mto ziwe za umma. Umati unaondoka kuchoma nyumba. Njiani unakutana na Cinna mshairi, ambaye ana jina moja na Cinna mla njama. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi. Wanamrarua kwa ajili ya jina, wakitania kwamba hata mashairi yake mabaya yanatosha kuwa kosa. Babu hakusema chochote hapo. Aliniomba nisome tena ukurasa huo, nikausoma, akaenda kulala.

Nchi yetu imekuwa na maanguko yake. Januari 1964, miezi michache baada ya tafsiri ya kwanza kutoka, askari wa kambi ya Colito waliasi na mfasiri mwenyewe akalazimika kufichwa. Tarehe 7 Aprili 1972 Sheikh Abeid Amani Karume alipigwa risasi Kisiwandui, Unguja. Hilo ndilo lililo karibu zaidi na Kaizari katika historia yetu. Lakini lililonirudisha kwenye barua ni la aliyemrithi, Aboud Jumbe.

Januari 1984 nilikuwa chuo cha ualimu. Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Dodoma, na redio ikatutangazia kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Nilipokwenda nyumbani babu alikuwa akiuliza kila mtu kama hali hiyo inaleta mvua. Jumbe aliachia vyote: urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano, na umakamu mwenyekiti wa chama. Miaka ilipita kabla sijasoma chanzo chake, kwamba palikuwa na waraka. Alikuwa akiandaa hoja juu ya muundo wa Muungano aipeleke kwenye Mahakama Maalumu ya Katiba, na karatasi hizo zikafika kwa Mwalimu kabla mwenyewe hajaziwasilisha popote. Wakati naujua ukweli huo babu alikuwa ameshazikwa. Ningempelekea habari hiyo mbio. Kaizari hakuisoma barua yake. Ya Jumbe ilisomwa mapema mno, na wasomaji asiowakusudia. Hapakuwa na kisu. Jumbe aliishi Mjimwema, Kigamboni, akaandika kitabu chake mwenyewe kuhusu Muungano, na akafariki Agosti 2016 akiwa mzee sana.

Aliyeshika nafasi yake Zanzibar alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na huyo naye ana karatasi yake. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliandika barua ya kujiuzulu. Katika msako wa mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watuhumiwa walikuwa wameteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuwa ametesa mtu yeye. Sisi wa Singida, wenye kumbukumbu ya watu-simba, tulilielewa jambo hilo haraka kuliko wa Dar es Salaam: tulijua msako wa namna hiyo unavyoanza kwa minong'ono na unavyoishia. Alianguka kwa barua aliyoandika kwa mkono wake, akapelekwa ubalozi Misri, na mwaka 1985 akawa Rais. Shakespeare hana mtu wa namna hiyo katika tamthilia hii. Brutus angeandika barua kama hiyo badala ya kunoa kisu, kitabu kingekuwa kifupi na Roma ingebaki na mtu mmoja mwema.

Sasa nirudi kwenye wosia, kwa sababu nimewaacha raia na drakma zao 75. Watu wengi waliosoma Juliasi Kaizari shuleni hukumbuka hotuba ya Antony, na wengi huishia hapo. Hotuba imekaa katikati ya kitabu. Sisi tuliendelea, na jioni iliyofuata tukamkuta Antony mezani na Octavius na Lepidus. Wana orodha ya watu wa kuuawa, na kila jina linalotiwa alama ni kichwa kinachoondoka. Antony anamtoa mpwa wake bila kupepesa jicho. Kisha anamtuma Lepidus akaulete wosia wa Kaizari. Wautafutie namna ya kupunguza yaliyoahidiwa.

Baba mdogo mmoja, ambaye katika maisha yake alikuwa ameahidiwa kisima mara nyingi kuliko alivyokunywa maji safi, aliomba nisome tena. Nikasoma. Akauliza kama wale raia waliochoma nyumba za watu waliambiwa. Nikatafuta mbele hadi mwisho: hakuna anayewaambia. Lepidus anakwenda kuuleta, na akishageuza mgongo Antony anamfananisha na punda anayebebeshwa dhahabu, akifika aachwe akale majani. Punda wa kwetu wanabeba maji na magunia ya vitunguu, hivyo fumbo halikuhitaji mfasiri.

Nimefundisha miaka mingi, na nimeona kitabu hiki kikisomwa kwa haraka ili kipatikane kipande cha kukariri. Ombi langu kwa mwalimu, mzazi, au yeyote mwenye nakala nyumbani ni dogo. Msomee mtu mzima kwa sauti, usiruke salamu, na ukimaliza hotuba ya Antony usifunge kitabu. Fungua sehemu ya nne, onyesho la kwanza. Halizidi kurasa chache.